Breki, Baba Mkwe na Mimi

Mama mkwe wangu alikuwa amesubiri miezi mingi kupewa siku ya kutolewa mtoto wa jicho mjini Moshi. Siku tatu kabla ya safari, nikiwa nateremka peke yangu kutoka shuleni nilikokuwa nafundisha, nilikanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Nililigongesha gari kwenye ukingo wa udongo kando ya kahawa za watu, likasimama. Majirani walilisukuma hadi nyumbani kwa wakwe zangu, ninakoishi. Mimi nilitembea nyuma yao, nikiwaza kwamba siku ile ningeweza kuwa nimempakia mama mkwe.

Lilikuwa gari la mtumba, kuukuu lilipotufikia na kuukuu zaidi siku hiyo. Mpira wa breki wa gurudumu la nyuma ulikuwa umepasuka. Mume wangu alikuwa kazini Dar, na fundi wetu alikuwa amekwenda msibani Rombo. Lakini mimi ni binti wa dereva wa lori, na kazi hiyo nimeifanya na baba yangu tangu nasoma msingi. Nilinunua mpira mpya mjini na chupa mbili za mafuta ya breki, nikaufunga mwenyewe. Kilichobaki ni kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta ya breki, na hapo lazima wawe watu wawili: mmoja ndani anakanyaga, mwingine chini anafungua nati.

Majirani walikuwa shambani; mtu wa kukanyaga alikuwa mmoja tu, baba mkwe.

Sasa niambie, mke wa mtoto anamwamuruje baba mkwe wake? Nikiwa nimelala chini ya gari, mafuta yakinitiririkia kiwikoni, nilisema, "Baba, naomba ukanyage." Alikanyaga. Nikafungua nati, mapovu yakatoka. Kabla sijaifunga nikasema, "Baba, samahani, usiachie kwanza." Mzee yule ni muungwana. Akiitwa, huitika na kumgeukia aliyemwita. Basi alinyanyua mguu, akatoa kichwa dirishani, akauliza, "Naam, mwanangu?" Upepo wote ukarudi ndani.

Tulirudia hivyo hivyo mara sijui ngapi. Kila nikisema "baba," mguu unanyanyuka. Kuliacha hilo "baba" sikuweza, mdomo wenyewe ulikataa. Heshima si utumwa, lakini mchana ule ilikaribia kuwa. Chupa ya kwanza ikaisha, ya pili ikafika nusu. Nilishikwa na hasira, kisha na hofu, maana basi lingemwacha mama mbali na hospitali, naye alikuwa haioni hata ngazi ya mlango wake.

Mama mwenyewe alikuwa ameketi barazani akimenya ndizi za mtori kwa kupapasa. Alikuwa amesikia yote. Akaweka kisu chini.

"Mwanangu," alisema, "uwe unaniambia mimi. Huyu mimi naongea naye ninavyotaka."

Nikawa namwambia yeye kwa adabu zote, naye anamfikishia mumewe bila hata chembe ya adabu. "Kanyaga. Shikilia hapohapo. Usigeuke, hakuna aliyekuita. Haya, achia." Mzee alinung'unika kwa Kichagga, lakini mguu ulitulia. Tulizunguka magurudumu yote manne, tukianza na lile lililo mbali zaidi na pampu ya breki. Mapovu yakapungua, yakakoma, na pedali ikasimama ngumu. Niliingia nikaikanyaga mwenyewe, nikaikanyaga tena, nikaegemea usukani nikalia kwa furaha. Baba mkwe alijifanya kukagua tairi.

Asubuhi ya safari tuliondoka mapema. Ule mteremko wa kwenda barabara kuu niliushuka kwa gia ndogo. Baba mkwe alikaa pembeni yangu akikanyaga sakafu kila kona, ingawa upande wake haukuwa na pedali yoyote. Mama alikuwa nyuma, kanga imemfunika kichwa. Tulipofika kwenye lami nilikanyaga taratibu, gari likatulia bila kushtuka, nikasubiri malori yapite.

Mama akauliza tumefika wapi. Nikamwambia tumesimama, tupo kwenye lami.

"Tumesimama?" alisema. "Mimi nilidhani bado tunakwenda."