Hasira ya Baada ya Chai

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Itifaki aliniagiza niondoe bendera zote mezani. Nilikuwa nimefika Doha juma hilo hilo, nikiwa na shahada ya uhusiano wa kimataifa kutoka Nairobi, na kupanga bendera ndilo jambo pekee nililojiona nalijua.

"Nchi ya wageni wetu imesimamishwa uanachama," alinieleza, akimaanisha kwamba jumuiya yetu ya kikanda ilikuwa imeinyima kiti tangu wanajeshi walipotwaa madaraka. "Ukiiweka bendera yao, tumewatambua. Usipoiweka, hawaingii ukumbini. Ukiziondoa zote, nani atalalamika?"

"Huo ni ujanja, mzee."

"Ni itifaki, mwanangu. Ujanja hauna ofisi."

Kwa ninyi mnaotamani kuifanya, itifaki ni kazi ya kuhakikisha kwamba wakubwa wanakutana bila yeyote kudhalilika kabla hawajaanza kuzungumza. Afisa wa itifaki hujua nani aingie kwanza, nani hali nyama gani, na nani asiketishwe karibu na nani. Hapaswi kusikia yanayosemwa, ingawa husikia yote. Wengi huandika kumbukumbu kama hizi wakiwa na mvi. Mimi nimeiacha kazi kabla ya kutimiza miaka thelathini, na nitaeleza kwa nini.

Juu ya Mkuu wa Itifaki alikuwapo Mjumbe Maalumu, waziri wa zamani nchini kwake, aliyetumwa na jumuiya kuishinikiza serikali ile ya kijeshi ifanye mageuzi. Madai yake yalikuwa matatu: itangazwe tarehe ya uchaguzi, raia waingizwe katika baraza la mawaziri, na watu wote waliofungwa bila kushtakiwa waachiliwe. Upande wa pili uliongozwa na Kanali, waziri wao wa mambo ya nje. Qatar ilikuwa mwenyeji tu, ikitupatia ukumbi wa hoteli, magari na utulivu.

Dai la tatu nililifahamu hata nikiwa nyumbani. Niliishi mtaa wa Al Mansoura chumba kimoja na Furaha, muuguzi kutoka nchi ile ile ya Kanali, aliyesomea uuguzi Kenya. Kaka yake Elia, katibu wa chama cha walimu, alichukuliwa na askari alipokataa kuwaamuru walimu waandamane kuyaunga mkono mapinduzi. Hakushtakiwa, na mama yao hakuruhusiwa kumwona.

"Leo wamewataja?" Furaha aliniuliza kila jioni akivua viatu vya wodini.

"Furaha, nimekula kiapo."

"Wee, sikuulizi siri za serikali. Niambie tu kama lile la wafungwa bado liko mezani, nijue kama nitalala."

"Liko."

"Haya, basi leo pika wewe. Mimi nalala."

Asubuhi ya Jumatano moja, Mkuu wa Itifaki aliniita pembeni. "Gari la Kanali liwe mlango wa nyuma mara baada ya chai. Kiyoyozi kiwe kimewashwa."

"Anaondoka mapema?"

"Atakasirika."

Nilicheka. "Atakasirika saa ngapi, mzee?"

"Nimeshakwambia. Baada ya chai."

Nilidhani ni mzaha wa mtu aliyezeeka katika kazi. Chai ikaisha, wapiga picha wakaruhusiwa kuingia, na Mjumbe Maalumu akasimama. Alizungumza kama watu wa dini wanavyoonya. Alipofika kwa wafungwa alipiga meza kwa kiganja mpaka glasi zikalia. "Waachilieni watu hawa! Si wenu! Ni wa mama zao!" Mimi niliyesimama ukutani nilihisi machozi, nikajiambia kwamba hii ndiyo kazi niliyosomea. Kanali alisukuma kiti, akasema nchi yake si shule ya watoto wa chekechea, akatoka.

Wajibu wangu ulikuwa kumsindikiza. Tulipopita kona ya ukumbi, mbali na kamera, alipunguza mwendo.

"Dada, yale maandazi ya chai mmeyatoa wapi?"

"Kwa mama mmoja Mkenya, Mheshimiwa."

"Niwekee mengine garini. Na Mzee mwambie leo amenifokea vizuri sana. Hata mimi niliogopa."

Gari lilikuwa mlangoni, ndani baridi, kama nilivyoliagiza mwenyewe.

Alasiri ile ile nilipeleka karak, chai ya maziwa na iliki inayonywewa Doha nzima, katika chumba cha mazungumzo ya faragha. Mjumbe na Kanali walikuwa kwenye kochi moja, wamevua makoti. Walikuwa wamekwisha kupatana: tarehe ya uchaguzi ingetangazwa, raia kadhaa wangepewa wizara, na suala la wafungwa "lingeendelea kujadiliwa". Sahihi zingetiwa Jumapili.

Kanali alipoondoka, nilivunja mwiko wa kazi nikamuuliza Mjumbe kama ile hasira ilikuwa ya kweli.

"Binti, keti," alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha zaidi. "Watu wake wanataka kumwona amekataa kuamrishwa. Watu wetu wanataka kuniona nimemwamrisha. Kila mmoja akipata chake, tunaweza kufanya kazi. Tarehe ya uchaguzi ni ya nchi nzima. Nikishikilia yote matatu, naondoka mikono mitupu."

"Na waliofungwa wamepata nini, Mzee?"

Alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Wao hawamo chumbani."

Nyumbani nilimkuta Furaha anapika biriani, simu imeegemezwa kwenye mtungi wa maji, video ya Mjumbe akipiga meza ikirudiwa tena na tena.

"Umeona? Umeona mkono ule? Wodini tumepiga vigelegele mpaka matroni akatufukuza! Huyu mzee akija kwetu namchinjia ng'ombe."

Nilikuwa na kiapo upande mmoja na uso ule upande mwingine. Nilimwambia. Nilimwambia kila kitu, hata maandazi, na ningemwambia tena leo.

Hakulia. Alizima jiko, akakaa kitandani. Kisha akauliza, "Ijumaa mzee wako anasali wapi?"

"Kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Mimi ndiye wa kumpeleka."

"Sawa."

Doha Wakristo husali Ijumaa, siku ya mapumziko, na ibada yetu ina desturi zote za nyumbani: wageni husimama wakasalimia, kisha wenye ushuhuda hupewa kipaza sauti. Mjumbe alisalimia vizuri, akapigiwa makofi. Ndipo Furaha alipokwenda mbele.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena! Nina kaka anaitwa Elia, amefungwa na wanajeshi bila kosa. Nimelia hapa, mmeniombea. Leo Mungu amemleta mgeni huyu. Mmemwona kwenye simu akipiga meza. Mzee wetu hataweka sahihi yake Jumapili mpaka kaka yangu atoke. Nimekuja kumshukuru mapema, kwa imani."

Kanisa lililipuka kwa shangwe. Furaha alimshukuru mzee mbele ya watu wote kwa jambo alilojua fika kwamba hakulifanya. Mchungaji, bila kujua lolote, alimwomba Mjumbe aje amshike Furaha mkono waombewe pamoja. Nilimwona mzee yule akitembea kuelekea madhabahuni kama mtu anayevuka barabara yenye magari.

Garini alifunga mkanda. Kisha akauliza, "Nani alimwambia yule dada?"

"Mimi, Mzee."

Nilingoja anifukuze. Aliuliza tu, "Jina kamili la kaka yake?"

Jumapili utiaji sahihi ulichelewa. Mjumbe na Kanali walijifungia, na safari hii hakuna aliyeniagiza gari. Walipotoka, Mkuu wa Itifaki aliniinamia sikioni. "Kanali ametoa. Umefaulu au umefukuzwa, hilo bado sijajua."

"Wafungwa wametoka wote?"

"Mmoja."

Elia alipiga simu kesho yake kutoka nyumbani kwa mama yao. Furaha alicheka na kulia, kisha akanipa simu nisalimiwe.

"Dada, asante," alisema kwa sauti iliyokauka. "Wenzangu mnawatoa lini?"

"Sijui, kaka. Ni wewe tu."

"Kwa nini mimi?"

Chuoni nilifundishwa haki, mamlaka na mikataba. Hakuna somo hata moja lililonisaidia. "Kwa sababu una dada Doha," nilijibu.

Niliacha kazi juma hilo. Siwaambii vijana wasiifanye. Tarehe ya uchaguzi imetangazwa, na huenda Mjumbe aliona mbali kuliko mimi. Ninachowaomba ni kuuliza kila mara nani hayumo chumbani. Sasa nimeajiriwa mapokezi ya kliniki moja Al Sadd, na jioni Elia hututumia majina ya wenzake na kutueleza ndugu zao walipo. Mmoja ana mke anayefanya kazi za nyumbani Muaither, hapa hapa Qatar.

Jana Mkuu wa Itifaki alinipigia. Mjumbe anarudi Alhamisi, na ameuliza kama kuna kanisa lingine. "Nimemjibu kwamba kubadilisha kanisa la mgeni ni kinyume cha itifaki," alisema, akakata simu kabla sijamshukuru.

Mke yule ni mwoga, na hajawahi kuzungumza mbele ya watu. Furaha yuko naye hapa chumbani hivi sasa, anamfundisha kusema "Bwana asifiwe" bila sauti kutetemeka.