Yalitoka au Yalitolewa

Miaka ile ukiuliza pale Ndhiwa mlimaji ni nani, watu hawakukutajia mwenye shamba kubwa. Walikutajia Elkanah Rading, ambaye shamba lake mwenyewe lilikuwa kipande kidogo chenye mawe. Elkanah alilima ya wenzake. Mvua za kwanza zikishaloanisha udongo, watu walianza kupita kwake kuomba zamu, na Bathsheba, mkewe, ndiye aliyewapangia, kwa sababu bwana wake alikuwa mgumu wa kumwambia mtu ngoja.

Wenye plau wengine walimtanguliza mtu mbele avute kamba, na nyuma wakamweka mwingine wa kuchapa kiboko. Elkanah alishika plau peke yake na kiboko hakuwa nacho. Alisema tu na maksai wake. Akimwita Silwal, yule mwekundu alikaza shingo. Akimwita Rateng', yule mweusi aligeuka mwisho wa mstari bila kukanyaga uliokwisha kulimwa. Wale wawili wa nyuma waliwafuata wakubwa wao. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache, na kanisani alikaa karibu na mlango. Bathsheba alizoea kuwaambia majirani, "Mkitaka kujua habari za bwana yangu, muulizeni Silwal. Mimi naambiwa nusu."

Basi uvimbe ukamwanzia huko huko mdomoni, ulikokuwa mtaji wake.

Ulianza nyuma, upande wa kushoto wa taya la chini, kama punje ya mahindi. Haukuuma, na kutouma huko ndiko kulikomdanganya. Gego moja lilipolegea, fundi wa meno wa sokoni akaling'oa, na kila mtu akasema sasa utashuka. Haukushuka. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na shavu likajaa kama la mtu aliyeficha kiazi. Elkanah akaanza kufunga kitambaa usoni, akisema ni baridi. Akaacha kula pamoja na wanaume wenzake, chakula chake kikawa kinapelekwa ndani. Hata hayo aliyavumilia. Ila siku moja, katikati ya shamba la watu, alimwita Rateng' ageuke, na Rateng' akasimama tu akimtazama. Ulimi wake ulikuwa umeanza kukosa nafasi. Mnyama hakumjua anayemwita.

Wiki hiyo alipita Mwikwabe, Mkuria mwenye biashara ya ng'ombe, ambaye ndiye aliyemuuzia maksai wale. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Bwana Elkanah, umetia nini mdomoni na hutaki kunigawia?"

"Ni jino."

"Jino gani la miaka miwili? Mimi nikikuletea ng'ombe mwenye kitu kama hicho, si utanifukuza na rungu?"

"Haiumi."

"Haiumi, lakini unaongea na mimi nasikia nusu. Kitambaa hicho utafunga mpaka lini? Nenda Homa Bay. Hospitali ya misheni imepata daktari mgeni wa kupasua taya. Kuna mtu wa kwetu alipasuliwa naye akiwa bado Mombasa, na leo anatafuna nyama kuliko mimi."

Elkanah alikaza kitambaa chake, lakini Bathsheba alikuwa anasikia kutoka jikoni. Walipanda basi baada ya soko kuisha. Ulikuwa mwaka ule ziwa lilipopanda, na karibu na Homa Bay maji yalikuwa yamemeza viunga vya watu, mapaa ya nyumba yakichungulia juu kama vikapu vilivyosahauliwa.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye vidole vyembamba. Alikuwa amekaa miaka mingi Mombasa, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha wagonjwa wake wote. Kule ziwani hakuwa amemaliza hata mwezi. Bathsheba alikuwa nje anatafuta mahali pa kukoka moto, kwa hiyo Elkanah aliingia peke yake. Daktari alimtia kidole ndani ya mdomo, kingine akakiweka nje ya shavu, akabonyeza taratibu. Mfupa ulilia kwa ndani, kama ganda la yai linapobanwa. Elkanah alisikia mwenyewe.

"Hapa mfupa umebaki ganda tu," Daktari alisema. "Na haya meno ya mbele, ya chini? Naona sita hayapo."

Ndipo lilipoingia kosa lililokaribia kumgharimu kidevu chake. Elkanah alikuwa Mjaluo wa siku za zamani kidogo. Alipokuwa anakua, kila kijana na kila msichana alitolewa meno sita ya mbele ya chini kwa chuma, akaonekana sasa amekuwa mtu. Baadaye wahubiri wakaikataza mila hiyo. Elkanah, aliyebatizwa akiwa tayari na pengo lake, aliona haya kulitaja ndani ya hospitali ya misheni, chini ya picha ya Yesu iliyokuwa ukutani. Akasema kwa kifupi, kwa Kiswahili chake cha soko:

"Meno hiyo ilitoka zamani, Daktari."

Ilitoka. Kwa Kiswahili cha Mombasa, kitu kilichotoka kimetoka chenyewe. Daktari aliinama akaandika, uso wake ukabadilika.

Wakampiga picha ya taya. Wakamkata kinyama kidogo, kikapelekwa Nairobi kuangaliwa, na wao wakakaa kusubiri. Majibu yaliporudi, Daktari aliwaita wote wawili. Akaanza na habari njema: uvimbe huu si ule unaosafiri mwilini na kuua. Huu hukaa mahali pake ukila mfupa, na usipoondolewa wote, huota tena.

"Kwa hiyo nitaukata wote," alisema. Akachukua penseli na kujichora usoni mwake mwenyewe, kuanzia chini ya sikio la kushoto, akapita kidevuni, akaishia upande wa kulia. "Hapa mpaka hapa."

Elkanah aliifuata penseli kwa macho. "Kidevu pia?"

"Kidevu pia. Sitakuficha. Ulimi umeshikwa na mfupa huu wa mbele. Mfupa ukiondoka, ulimi unalegea na mate hayakai."

"Nitasema?"

"Kidogo. Watu wa nyumbani watakuelewa."

"Na ng'ombe?"

Daktari hakuelewa swali lile. Elkanah alivuta kitambaa chake juu, akasimama. "Nyar Karungu," akamwambia mkewe, akimwita kwa jina la ukoo wa kwao kama ilivyo desturi ya Wajaluo, "kusanya vitu. Twende nyumbani."

"Kaa chini kwanza, Baba Pamela." Bathsheba hakuinuka. "Daktari, mimi sikusoma, lakini macho ninayo. Uvimbe uko huku pembeni. Kidevu kimekosa nini?"

"Ugonjwa umeshafika huko, mama. Katika picha, mfupa wa mbele umekonda. Na meno yenyewe yalitoka."

"Yalitoka?" Bathsheba alimgeukia mumewe. "Yalitoka yakaenda wapi? Sokoni?"

Elkanah alitazama sakafu.

"Daktari, angalia hapa." Mama yule akafungua mdomo wote, kidole kikavuta mdomo wa chini. Pengo la meno sita, safi, lilikuwa pale pale. "Na mimi ni mgonjwa? Haya hayakutoka. Yalitolewa! Na chuma! Nilishikwa kichwa na shangazi yangu, na nikilia ningechekwa mpaka leo."

Daktari alimtazama mama, akamtazama Elkanah, kisha akafungua mlango na kumwita Nyaboke, muuguzi wa wadi. Nyaboke alikuwa Mkisii, na kwao mila hiyo haikuwako, ila alikuwa ameishi na Wajaluo miaka mingi.

"Sista, mgonjwa huyu anasema meno ya chini yalitoka."

Nyaboke alichungulia mara moja, akaanza kucheka. "Daktari, basi wazee wote wa Kijaluo wa wadi hii walitokwa na meno usiku mmoja. Nenda uwafunue."

Daktari hakucheka mara moja. Alikaa, akaishika ile picha kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu. Meno yakiondolewa utotoni, alisema polepole kana kwamba anajieleza mwenyewe, mfupa uliokuwa umeyashika hukonda bila ugonjwa wowote. "Nimeona alama ya chuma nikaisoma kuwa alama ya uvimbe." Akamgeukia Elkanah. "Kwa nini hukuniambia, mzee?"

"Niliona haya."

"Mbele ya nani?"

Elkanah alionyesha ukutani kwa kidevu. Hapo Daktari akacheka kweli, na kicheko chake kikamvuta Bathsheba, hata Elkanah mabega yakamtikisika chini ya kitambaa.

Hawakubahatisha. Alichomwa sindano ya ganzi, na Daktari akaupima mfupa wa mbele kwa sindano nyingine nene. Ulikuwa mgumu, mzima. Siku ya kupasuliwa alivutishwa dawa ya usingizi, na Daktari akaondoa upande wa kushoto tu, pamoja na mfupa wote ulioliwa na sehemu ya mfupa mzima unaopakana nao. Chini kabisa aliacha ukingo mwembamba, kama ukingo wa chungu, ili uso usiporomoke. Ukingo ule ungeweza kuvunjika mtu akitafuna, kwa hiyo akayafunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya.

Majuma yale mdomo wake ulifungwa kama mlango, lakini pengo lilibaki wazi. Nyaboke alimtilia uji na mchuzi wa samaki kwa bomba kupitia hapo hapo.

"Nyinyi Wajaluo mlijua mtakuja kwangu," alimwambia. "Mlitengeneza dirisha mapema. Mzee wa kitanda kile ni wa kwetu, ana meno yote, nahangaika naye kutwa."

Waya ulipofunguliwa, Elkanah aligundua kwamba nusu ya mdomo wa chini imekufa ganzi. Mshipa wa hisia ulipita ndani ya uvimbe, Daktari alimweleza, haukuweza kuokolewa. Herufi zinazohitaji midomo kukutana zilimponyoka. Alijaribu kutamka jina la mkewe, likatoka bila kichwa wala miguu. Akajaribu lile la ukoo, likatoka zima.

"Bahati nzuri huniiti Bathsheba," mkewe akasema, akijifuta macho. "Nyar Karungu umeiweza."

Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta shambani, uso wazi, shavu la kushoto limebonyea kidogo. Mwikwabe alikuwapo, amekuja kuona kama wanyama wake wa zamani watamkubali.

Elkanah aliita. Silwal akageuza sikio moja, hakukaza shingo. Akamwita Rateng'. Rateng' akala nyasi.

"Ng'ombe wangu hawajui lugha hiyo mpya!" Mwikwabe akapaza sauti. "Nikuletee kiboko?"

"Kaa nacho."

Aliiacha plau, akaenda mbele. Akasimama kwa Rateng', mkono shingoni, akasema jina lake kama mdomo ulivyoweza sasa, kisha akamgeuza kwa mkono. Akasema tena, akamgeuza tena. Akahamia kwa Silwal. Mwenye shamba alikuwa anatazama jua. Elkanah hakuharakishwa. Mtu ambaye hakuwahi kumwambia mwenzake ngoja, siku ile alimwambia, "Ngoja," na mwenye shamba akangoja.

Mstari wa kwanza ulikwenda kombo kama njia ya mlevi, na Mwikwabe hakuufumbia macho, aliusema wazi. Wa pili ulikuwa afadhali. Chakula kilipoletwa, Elkanah alinawa akaketi katikati ya wanaume, akatafuna kwa upande wa kulia, polepole, wengine wakimwachia fungu lake la samaki. Kisha akanyanyuka kabla yao, akarudi kwa maksai. Alipoita, Silwal alichelewa kidogo. Rateng' aliinua kichwa, akasikiliza, akageuka.