Usizame na Mulevi

Suruali yako ikipasuka pale pabaya, kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka itakwambia: peleka kwa Lwaboshi. Banamujua na cherehani yake, banamujua na hasira yake, njo basi. Kwamba ile mikono ilikuwaka inakamata samaki ya rangi chini ya mawe kule Mboko, Kongo, pembeni ya ziwa Tanganyika, hiyo bantu habaijue, na ye hasemake. Ukimuuliza habari ya ziwa anageuza uso, kama muntu mwenye njaa mishikaki inapita mbele yake.

Sasa siku moja Bucumi akamupigia telefone. Bucumi ni Murundi wa Rumonge, walizamaka pamoja zamani. Leo iko Salima, kwenye ziwa ya Malawi, na ekipe, kundi ya bazamiaji yenye kukamata samaki ya rangi ya kupeleka Ulaya, ya kufuga ndani ya vioo.

"Muzamiaji moja amerudia kwao," Bucumi akasema. "Kuja siku ya ine, Alhamisi. Machupa ya hewa iko. Tochi tu, kila muntu anakuja na yake."

"Niko nayo."

"Ile ya Rémy? Ingali nzima?"

"Nzima kuliko we."

Yaya Rémy alikuwa ndugu yake mukubwa, njo alimufundisha kuzama. Amelala Mboko, ndani ya udongo. Katochi kake ka manjano, kadogo kama muhindi wa kwanza wa shamba, kakafika na Lwaboshi mupaka Malawi ndani ya soksi. Toka pale, kila siku ya Mungu wakitoka kanisa, anakatoa, anafungua shingo, anapakaa mawese kale kampira keusi ka duara kenye kuzuia maji. Sawa vile Rémy alikuwaka anafanya. Na mawese si ya duka: ni ile ya muntu ametoka nayo Fizi. Goreth, muke wake, mama ya Ketsia, anaweza kukosa ya kutia kwenye sombe, majani ya muhogo. Katochi hakakose.

Telefone ilipokatika, Lwaboshi akatia maji kwenye beseni, akazamisha katochi. Kakatoa povu. Kadogo tu, sawa mutoto anapumua ndani ya usingizi. Akafungua, akapanguza kampira na kitambaa laini, maana uzi moja ao muchanga kidogo inatosha kuingiza maji. Akarudisha. Povu.

Bazamiaji ba Mboko balikuwa na neno yabo. Tochi yenye kuingiza maji ni mulevi. Na hauzame na mulevi, hata kama amekunywa mara moja, hata akikuapia. Chini ya mawe taa ikizimika, haujue tena juu ni wapi.

Akapigia Bucumi. "Niko na mulevi hapa nyumbani," akasema, sauti chini. "Tulitoka naye mbali. Siwezi kumutupa."

Arlène, jirani, alikuwa anapita na ndoo, akasikia. Jua halijazama, akamufikia Goreth na uso ya kilio. "Pole, dada. Huyo munaishi naye ameanza lini kukunywa?"

Goreth akacheka mupaka machozi. Lwaboshi hakucheka. Alikuwa anafikiria siku ya ine.

Kesho yake alikuwa Lilongwe, Area 23, kwa Minani mwenye kuuza maredio na matochi.

"Muntu wa Dzaleka anatafuta tochi ya chini ya maji," Minani akasema. "Lakini kule kwenu hata ya kukunywa si munapanga mustari?"

"Minani, nimekuja kununua ao kuchekwa?"

"Vyote viko. Kucheka ni bure."

Lwaboshi akamupatia katochi. "Nitafutie kampira kapya tu. Tochi yenyewe ni ya yaya yangu, ni muzima."

Minani akatoa kale ka zamani. Kalikuwa kamevimba, laini kama maharagi ya jana. Akageuza shingo kwenye jua, akaonyesha na ukucha: ufa, mwembamba kama unywele. "Kampira kalivimba, kakasukuma shingo, ikapasuka. Ulikuwa unapakaa nini?"

"Mawese."

Sasa Minani hakucheka. "Na yaya yako?"

"Mawese."

"Na kampira alikuwaka anabadilisha?"

Lwaboshi akakumbuka. Rémy alikuwa na kopo ya ugoro imejaa tumipira. Kila mwezi anatoa ka zamani, anatupa, anapiga mulunzi, anatia kapya. Alikuwaka anafanya haraka, kama muntu anafunga kifungo. Lwaboshi alishika mafuta, akasahau kopo. Miaka yote anapakaa kwa upendo, kumbe anaua katochi.

Akataka kupiga muntu. Hakukuwa muntu wa kupiga.

Minani akaleta moja kubwa, na vifungo kama redio. "Hii inamulika mupaka kule Likuni, inje ya muji."

"Ipeleke Likuni. Chini ya maji ya matope mwangaza mingi inakurudilia machoni. Na kila kifungo ni mulango ya maji."

Akachagua mwenyewe. Kadogo, ka kijivu, mutalii alikauza. Kanawaka ukikazungusha kichwa, hakana kifungo. Kana tumipira tubili: moja ikikosa, ingine inashika. Betri yake ni ile ya kila duka, na kana tundu ya kamba ya kufunga kwenye mukono. Wakaazima ndoo kwa mama mwenye kuuza nsima, ugali ya Malawi, pembeni. "Zikomo, mayi," Lwaboshi akamushukuru. Wakakazamisha, wakainama bote babili. Hata povu moja haikutoka.

Minani akamuongezea kachupa ka grisi ya silikoni. "Tone sawa chozi ya panya. Mawese wachia sombe."

Magaribi, nyumbani, Lwaboshi akawasha katochi kapya ndani ya ndoo imejaa maji, na jiwe juu. Hakakae nje kakiwaka, kanachomeka. Kalizoezwa baridi ya maji. Mwangaza ikapanda mupaka kwenye mabati, ikaanza kutetemeka.

Goreth, mutoto wa milima ya Burundi, maji haijamupita magoti hata siku moja. Akaangalia juu. "Njo vile kunakuwaka chini ya ziwa?"

"Kule ni bluu zaidi. Na Rémy iko mbele. Unaona tu nyayo zake."

Goreth akasogea karibu na ndoo.

"Na siku ya ine nani atakuwa mbele?"

"Bucumi."

"Unatokaka namna gani huko chini, baba Ketsia?"

"Pole pole. Ukiwa na taa, haukimbie."

Lwaboshi akakatoa, akapanguza nje, akafungua shingo ikiangalia chini, maji ya inje isiingie. Akamunyooshea. Goreth akaingiza kidole, akakizungusha, akakiangalia karibu na mushumaa.

"Kavu," akasema.

Halafu akaingia chumbani kumutafutia sweta ya safari, maana alisikia ile ziwa inakuwaka na baridi asubuhi.