Kengele ya Dubu Huko Hatta

Kabla hujacheka, mtafute Njeri umuulize. Ni mlinzi wa hoteli moja pale Al Garhoud, Dubai, Mkristo wa Nyeri asiyeamini majini wala mizimu, na hata hivyo siku hizi hapiti mlango wowote bila kupiga hodi. Hata mlango wa lifti. Wenzake kazini wanadhani ni mzaha wake. Mimi najua si mzaha, maana jambo lililomfundisha hodi nililiona kwa macho yangu haya mawili, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mtu wa Kwale. Hapa Dubai nauza kwenye duka la vifaa vya kambi: mahema, viatu vya kupandia milima, taa za kuvaa kichwani. Tunauza pia kengele ndogo ya shaba, ndani ya boksi lenye picha ya dubu mweusi aliyesimama kwa miguu miwili. Wenyeji huinunua wakienda na familia zao kutembea kwenye misitu ya milimani, huko nchi za baridi, wakati huku joto limezidi. Unaifunga kwenye begi, inalia unavyotembea, dubu anakusikia mapema na kukupisha. Anayemfuma dubu ghafla ndiye anayeraruliwa. Mimi nilizicheka sana kengele hizo. Mnyama mzima apigiwe kengele kama mwenye nyumba?

Basi boksi moja likapasuka, na bidhaa ya boksi bovu haiuziki. Meneja akanirushia ile kengele. "Yalla, chukua wewe." Nikaifunga kwenye begi langu.

Njeri na mimi tunakaa chumba kimoja kule Discovery Gardens. Jumapili moja, msimu wa kupanda milima ndiyo kwanza unaanza na joto bado halijatuaga, tulikwenda Hatta na kundi la Wakenya na Waganda. Kiongozi wetu alikuwa Kato, Mganda, fundi wa magari Ras Al Khor, ambaye milima ile ameizoea. Hatukumaliza hata saa moja, Njeri akachoshwa na kengele yangu.

"Wewe, hiyo kitu inalia kama mbuzi wa shosho wangu kule Nyeri! Bear atatoka wapi huku Hatta? Itoe bana."

Nikaitia ndani ya soksi isilie. Na sisi tukabaki nyuma kupiga picha, tukapoteza kundi. Badala ya kusubiri, tukajifanya wajuaji, tukakata njia ya mkato kupitia bonde jembamba. Tuliingia vile vile tu, kama watu wanaoingia sokoni.

Kufika saa saba maji yalikuwa yamekwisha, simu haina mtandao, na Njeri ameacha kutoka jasho. Kato alikuwa ametuonya asubuhi: mtu akikauka jasho kwenye jua, hana muda mrefu. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu. Alianza kuniita kwa jina la mtoto wake, Wambui, wa miaka mitano, aliyeachwa Nyeri kwa nyanya yake. Nikamlaza kwenye kivuli cha mwamba. Niliogopa, sikufichi. Niliogopa kwamba nitampigia mtoto yule simu kumpa habari ya msiba wa mama yake.

Mbele yetu palikuwa na upenyo kati ya miamba miwili, na ndani yake kulitoka upepo wa baridi. Nilichukua chupa tupu nikaenda mbio. Nilipofika pale mlangoni, nywele zikanisimama. Niamini, mtu hujua nyumba yenye mwenyewe hata kama haoni mtu.

Nikamkumbuka bibi yangu. Kwetu alikuwa akitutuma kuni karibu na kaya, ule msitu wa matambiko ya wazee, na kila mara alitukanya kwamba msitu una wenyewe. Piga hodi mara tatu. Usipojibiwa, rudi, hata kama kuni zako umeziona. Na mimi nikisharudi, Njeri je?

Nilitoa kengele ndani ya soksi, nikaitikisa. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Hapo shetani akaninong'oneza niingie tu, nani atajua? Nikameza mate yaliyokuwa hayapo. "Hodi jamani, tuna mgonjwa!"

"Hodini," ikajibu sauti ya mwanamke mzee, kwa Kiswahili safi, bila haraka. "Karibu."

Sasa wewe ungefanya nini? Ungekimbia, najua. Mimi nilifanya ujinga wa mtu wa pwani: nilivua viatu. Nimekaribishwa nyumbani kwa mtu, ningeingiaje na viatu? Nikavitupa ovyo hapo mlangoni, kengele nikaitumbukiza ndani ya kimoja. Jiwe lililokuwa likiunguza lilikuwa baridi chini ya nyayo zangu, kama sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Ndani palikuwa na mkunazi mkubwa, umejaa majani, na maji yakichuruzika kutoka mwambani. Na kando ya maji alisimama yule wa kwenye boksi. Mweusi, kwa miguu miwili, kifua kipana kama mlango, pua ikinusa. Nikatazama chini kama tunavyofanya mbele ya wakubwa, na neno pekee lililonitoka lilikuwa, "Shikamoo."

"Marahaba."

Nilipoinua macho, alikuwa bibi mwenye buibui jeusi, amekaa kitako, ameegemea mti. "Mpelekee mwenzio kwanza," akasema. "Wewe utakunywa baadaye." Nikajaza chupa, nikashukuru, nikatoka kinyumenyume, hata viatu nikavisahau.

Nilimnywesha Njeri kidogo kidogo, mengine nikammwagia kichwani. Akafumbua macho. "Umetoa wapi maji ya fridge?" akauliza. Nikacheka na kulia kwa pamoja.

Mara Kato akatokea. Alisema ameifuata kengele ikilia mfululizo kutoka ng'ambo ya pili ya mlima. Kengele gani, jamani? Kengele ilikuwa ndani ya kiatu, haina wa kuitikisa! Tulikwenda naye kuvichukua viatu vyangu. Pale nilipoingia palikuwa na ukuta wa mwamba, mzima, mkavu, hata sindano haipiti. Viatu vilikuwa chini yake, vimepangwa vizuri, ncha zimeelekezwa njia ya kutokea. Ndani ya kimoja kengele, ndani ya kingine konzi ya kunazi mbichi. Mwenyeji hakutaka mgeni aondoke mikono mitupu.

Yule kiumbe ni nani? Sijui, na sitaki kujua zaidi. Namshukuru tu. Angeweza kutula, akatupa maji. Kokwa moja ya kunazi tuliipanda kwenye kopo barazani, ikaota, na kila asubuhi Njeri huumwagilia mti ule kabla yeye mwenyewe hajanywa chai. Na mimi mteja akija kununua kengele, namwambia: sir, madam, hii si ya kumtisha dubu, hii ni ya kumwomba ruhusa. Wengine wananicheka kama nilivyocheka mimi.

Basi ukienda milimani, nenda ukafurahi, lakini usiingie kama mwenye nyumba. Piga hodi mara tatu. Usipojibiwa, rudi. Ukijibiwa, amkia, na umkumbuke mwenzako kabla ya koo lako.

Wambui hupiga simu kila jioni. Mama yake amemfundisha, hasemi haloo, anasema, "Hodi, mami?" Na Njeri, kutoka kitandani kwake, hujibu, "Hodini, karibu." Mimi huwa nageukia ukutani machozi yasionekane, maana nafikiria jinsi hodi ile ingekosa wa kuiitikia.