Namba Moja kwa Kibondo Nzima

Msimu ule wa kupanda, mradi niliokuwa nafanyia kazi Kasulu uliwatumia wakulima ujumbe wa simu, na aliyeonyesha ujumbe ndiye aliyepewa mbegu. Programu niliitunza mimi, ingawa iliandikwa na mtu aliyekwishaondoka. Asubuhi moja meneja aliniita, akanigeuzia kompyuta yake. Wakulima wote wa upande wa Kibondo walikuwa na namba moja ya simu.

"Warundi hawa," alisema. "Mtu mmoja anajiandikisha mara mia. Wafute."

Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, ni raia wa hapa, na amelima hapa tangu sijazaliwa. Simu yake nilimnunulia mimi.

"Sifuti mtu," nikamwambia.

"Binti, hilo ni agizo."

"Nimelisikia. Sifuti."

Nilirudi mezani kwangu nikaifungua orodha. Namba yenyewe haikufanana hata na ya simu: 2147483647. Nilipoitazama vizuri nikaitambua. Ilikuwa namba kamili kubwa kuliko zote ambayo programu yetu iliweza kuhifadhi. Karani wa Kasulu aliandika simu kwa kuanza na sifuri, kompyuta ikaidondosha sifuri, zikabaki fupi na zikaingia. Mwenzake wa Kibondo aliziandika zote kwa kuanza na 255, namba ya nchi. Hizo zilisomwa kama desimali bila shida, ila programu ilipozigeuza kuwa namba kamili, hazikuingia. Badala ya kulalamika, ikampa kila mtu namba ile ile ya kikomo, kimya kimya.

Nikabadilisha, simu zisomwe kama maandishi. Wakulima wakatokea, kila mmoja na namba yake. Nikamwonyesha meneja.

"Sawa. Waambie ujumbe ulichelewa, mtandao ulisumbua."

Sikuwaambia hivyo. Kwenye mkutano kule Kibondo nilisimama, mama akiwa amekaa mbele na meneja pembeni yangu, nikasema kwa Kiha ili pasibaki asiyeelewa: programu yetu ilikosea, na ofisini kwetu mliitwa wezi kabla haijakaguliwa.

"Nani alituita wezi?" akauliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Huyu hapa. Muulizeni."

Meneja aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Walimuuliza, na hawakuharakisha.

Mbegu walipata wote. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, nami sikuomba. Nilipanda basi la Kibondo nikamkuta mama shambani, mahindi yamefika kiunoni. Akanipa jembe, tukapalilia.