Mwanzia wa Shoki na Mgongo wa Mugure

Ungepita Kitengela miaka ile ya tisini na gari linalorukaruka, hakuna ambaye angekuuliza unamtafuta nani. Wangekuelekeza kwa kidole tu: nyuma ya soko la ng'ombe, pale penye mabati mekundu. Hapo ndipo alipokuwa Mwanzia wa Shoki.

Mkamba wa Mwala huyo, mrefu, na mdomo wake haukujua likizo. Alikuja mjini na spana ndani ya gunia, akaapa hatagusa injini wala breki. Kazi yake ni shokomzoba basi, zile nguzo za chuma zenye mafuta ndani ambazo huzuia gari lisiruke ovyo. Watu wakamcheka, fundi gani huyu wa kuchagua kiungo? Hawakucheka sana. Barabara za Kajiado zilikuwa zikimaliza shoki, na mvua za El Nino zilipopita, yakabaki mashimo yaliyoshikana mikono. Kazi ikamjaa.

Na majigambo je? Wacha tu! Mwamba ngoma huvutia kwake, najua, lakini huyu alikuwa na ushahidi. Gari lililokuja likivuja, akishalitengeneza, alilisimamisha juu ya katoni safi usiku kucha. Asubuhi aliita majirani na wapita njia. "Haya, nionyesheni tone!" Tone halikuwepo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake mjini, kwamba gari likitoka kwa Mwanzia halivuji.

Basi mwaka wa tisini na nane, mvua zikiwa zimekatika, akaja Mzee Ishmael na Peugeot 404 yake nyeupe. Mzee alikuwa mkulima wa vitunguu kule Illasit, karibu na Loitokitok. Gari hilo alilinunua kabla hajapata mtoto wa kwanza, na hakuwahi kulipaka rangi nyingine. Mkewe, Mugure, alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa la ghala, akavunjika uti wa mgongo. Alilazwa hospitali Nairobi, akatoka, akawekwa kwa binti yao Nduta hapa Kitengela. Sasa alikuwa amechoka kuwa mgeni. Alitaka kwake.

"Daktari amekubali aende," Ishmael alisema, "lakini alale chini njia yote. Mfupa haujakaza vizuri. Akitingishwa vibaya, miguu inaweza kukataa kabisa. Na shoki zote nne zinalia machozi."

"Hayo machozi nitapanguza mimi," Mwanzia akajibu. "Mzee, tulia kabisa."

Alizifungua. Kila shoki ina sili, kile kimpira kinachobana mafuta shingoni, na zote nne zilikuwa zimelika. Mpya za gari la zamani kama hilo hazikupatikana hata Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea Nairobi. Lakini Mwanzia alikuwa na dawa yake ya siku zote. Alimimina mafuta mazito ya giaboksi, mazito hata hayangeweza kupenya kwenye sili iliyolika. Akafunga, akatandika katoni. Asubuhi katoni ilikuwa kavu, na majirani wakapiga makofi.

Nduta akamleta mama yake, ameegemea fimbo, hatua kwa hatua. Mugure aliitazama ile katoni, kisha akamtazama fundi.

"Ni kavu, nimeona. Lakini mimi siendi kulala kwa katoni. Ingia hapo nyuma wewe, ulale. Baba Nduta akuzungushe kwa ile barabara ya machimbo ya mawe."

Majirani wakaangua kicheko. Mwanzia naye akacheka, akajitupa kwenye kile kiti kirefu cha nyuma, akakunja miguu. "Nisipoamka msinisumbue, nitakuwa nimelala!"

Lo! Shimo la kwanza lilimpiga kiunoni. La pili likamnyanyua, likamrudisha kichwa kikigonga mlango. "Wooi! Mzee, polepole!" Mzee alikuwa akienda polepole. Yale mafuta mazito hayakuweza kupita haraka kwenye vitundu vya ndani, kwa hiyo shoki zilikuwa zimegeuka vyuma vitupu, na kila jiwe la barabarani lilimfikia mgongoni moja kwa moja.

Waliporudi, mwenzetu hakuwa anacheka tena. Aibu ilikuwa imemshika barabara. Miaka yote hiyo alikuwa akiwafanyia watu vivyo hivyo, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa wabeba mawe na wabeba mbuzi wamezoea kupigwa. Wao walitazama chini ya gari, wakaona pakavu, wakashukuru. Naye akavimba kichwa!

Lakini simlaumu sana, maana hakutafuta maneno ya kujificha. Alimwendea Mugure mbele ya watu wote. "Mama, ukipanda hii gari leo nitakulemaza. Nipe mpaka Jumamosi."

"Ukinidanganya tena?"

"Nitalala hapo nyuma tena mwenyewe."

Usiku huo hakula. Kilichomwokoa ni pampu ya baiskeli. Ndani ya pampu ya zamani kuna kikombe kidogo cha ngozi, nacho kikipakwa mafuta hubana hata hewa isitoroke. Kama ngozi inabana hewa, itashindwaje kubana mafuta? Alfajiri akaenda mjini Kajiado kwa Saning'o, Mmaasai anayeshona mikanda na viatu.

"Sopa, Mwanzia!" Saning'o akamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa! Niko na shida ya ngozi."

Saning'o alimsikiliza, akapindua vipande vyake. Mwanzia akanyoosha mkono kwenye kile laini. Saning'o akamzuia. "Wacha hiyo. Ya tumbo inavutika, itakudanganya. Chukua ya mgongo."

Mwanzia alikata pete nne, akazilowesha kwenye mafuta ya mkia wa kondoo hadi zikalainika, akazivika mahali pa zile sili zilizolika. Akamwaga yale mafuta mazito yote, akajaza mepesi ya jeki. Jumamosi asubuhi majirani walipokuja, wa kwanza kuona alikuwa Musila, mchomeleaji wa jirani.

"Ala! Mwanzia amevuja!"

Kweli, chini ya kila gurudumu kulikuwa na tone. Wakamcheka hadi wakashika mbavu, na yalimuuma, yalimuuma sana. Angeweza kurudisha mafuta mazito sifa yake ipone. Hakurudisha. "Ngozi mpya lazima itoe jasho kidogo," alisema. "Cheka, Musila. Ukichoka, kuna kazi." Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, na mchukuzi wetu alikuwa na mgongo uliovunjika. Mwanzia akalala nyuma, akazungushwa machimboni, akashuka anatabasamu. Mugure akapanda.

Fundi aliandamana nao, amekaa mbele, sikio lote liko nyuma. Walipokata kona Emali lami ikaisha, ikaanza murram, barabara ya changarawe iliyojikunja mistari mistari. Mugure aliwakaripia njiani kote. Baba Nduta unakimbia, Baba Nduta unajikokota, fundi funga hilo dirisha, vumbi! Walipokaribia Kimana, akanyamaza.

Ishmael alimtazama Mwanzia. "Mama Nduta?" Kimya. Akasimamisha gari kando, akazima.

Mwanzia alifungua mlango wa nyuma polepole. Mugure alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma.

"Tangu aanguke," Ishmael alinong'ona, "hajawahi kulala bila dawa." Akavua kofia, akajifuta macho nayo. Wakasimama pale juani, hakuna aliyethubutu kufunga mlango.

Mkoromo ukakatika. Mugure akafungua jicho moja.

"Baba Nduta, nani amekuambia usimamishe gari?"

"Tulidhani..."

"Endesha, bwana! Umeniamsha."