Stika Chini ya Kipande cha Mpira

Jumanne, tarehe 14 Aprili. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, lami imeng'aa kama imepakwa mafuta.

Yule tunayemwita Taratibu ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza juu ya pikipiki akibeba abiria. Jina alipewa na mama mmoja aliyekuwa anachelewa kazini, akashuka katikati ya safari akasema heri atembee. Halikumuudhi. Kila asubuhi hufuta kioo cha taa kwa kitambaa kilekile cha bluu na kukaza hata nati zisizolegea. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuandikiwa faini. Hilo halisemi yeye. Hulisema mkewe, ambaye ni dada yangu, kila anapotaka watu wajue ameolewa na mtu wa namna gani.

Pikipiki ya abiria lazima ibandikwe stika ya kodi kwenye madigadi ya mbele, lile bati linalofunika gurudumu, mahali askari anapoweza kuisoma bila kuinama. Stika iliyofutika inahesabiwa kama haipo. Na karatasi ile haiwezi maji: msimu mmoja wa mvua, namba inabaki kama alama ya kidole. Kupata nyingine ni wiki mbili za foleni, chombo kimelala nyumbani. Kwa hiyo pale kituoni kwetu, mvua zikianza, kila mtu anaifunika stika yake kwa kipande cha mpira wa tyubu kuukuu na kukifunga kwa waya. Akikaribia kizuizi, anasimama pembeni anafunua. Kuifunika nako ni kosa. Sisi tunajua, na askari wanajua.

Vipande vya kituo kizima hukata Taratibu, kwa sababu mkono wake haupotoki. Vyote hutoka sawa, huwezi kujua kipi ni cha nani.

Saa tatu asubuhi ile alikuwa amembeba mkunga anayeenda zamu. Kabla ya daraja kuna kona, na ni pale konani tunapofunuliaga. Siku hiyo kizuizi kilikuwa darajani kama kawaida, lakini sajini wao, mwanamke mrefu mwenye koti la mvua la njano, alikuwa amesogea mpaka konani, amesimama chini ya mlingoti wa umeme.

"Funua tu, mzee," alisema. "Nipo, nasubiri."

"Iko safi, afande. Nimeifunika isilowe."

"Sijauliza kwa nini."

Taratibu alizungusha waya, akaukunja mpira, akarudi nyuma hatua moja ili sajini asome vizuri. Sajini alisoma namba ya stika, akasoma namba ya pikipiki, akarudi tena kwenye stika. Ndipo Taratibu naye akainama. Namba haikuwa yake. Mkunga aliniambia baadaye kwamba aliliangalia lile bati kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyombo vya watu wengine.

Sajini hakupandisha sauti. Alieleza kwamba kukosa stika ni faini, mtu analipa anaendelea na maisha yake. Kubandika stika ya chombo kingine ni kughushi. Hiyo ni kesi, na leseni haingoji hukumu, inachukuliwa hapohapo. Aliiomba leseni, akaitia mfuko wa kifuani. Lori la kukokota lingefika saa sita. Mkunga akampa pole, akavuka daraja kwa miguu.

"Nani alifunga hii madigadi?" sajini aliuliza.

Jibu lilikuwa Jumamosi. Siku hiyo Taratibu na mwenzake wa kituoni, yule tunayemwita Redio, walipeleka madigadi zao kwa fundi kupakwa rangi. Zote nyeusi, zote na mpira wake ili rangi isiguse stika, zikaanikwa kwenye waya mmoja. Zilipokauka fundi alikuwa na mteja mwingine, akawaambia wangoje kidogo. Taratibu hakungoja. Alichukua spana, akafunga aliyoidhani yake, kisha akafunga na ya Redio.

"Fundi," Taratibu alimjibu sajini.

Sajini akauliza fundi gani, kibanda kiko wapi. Taratibu akataja, nyuma ya kiwanda cha matofali, na sajini akaandika yote. Kama ni fundi, alisema, basi kesi ni ya fundi na kesho atafuatwa. Kama ni wewe, hii leseni usiiulizie tena.

Alimruhusu kupiga simu, naye akanipigia mimi, kwa kuwa ndimi katibu wa kituo. Redio alikuwepo kituoni, mtu ambaye mdomo wake haupumziki hata akinywa chai. Tulifunua mpira wake tukakuta namba ya shemeji yangu. Redio akanyamaza. Sikuwahi kumwona hivyo.

Mmoja akashauri stika ibanduliwe ipelekwe, lakini stika ikishashika hubanduka vipande vipande. Mwingine akamwambia Redio aende nyumbani akalale, ya Taratibu ayaachie wenye Taratibu. Haikuwa mzaha wote. Leseni ya Redio ilikuwa na maonyo mawili. Akifika kwenye kizuizi na stika ile, lori lingebeba mbili. Redio akaomba spana namba kumi.

"Sheria inasema pikipiki," alisema akilegeza nati ya kwanza. "Mtu mwenye madigadi begani haijamtaja."

Tulitembea kilomita tatu kwenye manyunyu, yeye na bati lake begani, mimi na mwavuli na daftari la kituo ndani ya mfuko wa nailoni, maana humo mimi huandika kila chombo kilichotengenezwa, siku gani, na nani. Wenzetu waliotupita walimuuliza Redio pikipiki imeliwa na nini ikabaki hiyo. Akawajibu kwamba imetanguliza pua, mwili unafuata.

Tulifika saa sita kasorobo. Lori lilikuwa limekwisha shusha ubao wake. Taratibu alisimama mvuani, ingawa kibanda cha askari kilikuwa wazi.

Sajini aliweka madigadi mbili sambamba, akasoma. Redio alianza kueleza, akanyanyuliwa kidole. Kisha sajini akanigeukia.

"Humo umeandika nani alizifunga?"

Nikasema nimeandika. Jumamosi, tarehe 11, madigadi mbili, rangi nyeusi, shemeji amefunga zote mwenyewe. Taratibu aliniona nikiandika. Vidole vyangu vilikuwa kwenye fundo la mfuko.

"Usifungue, shemeji," alisema.

Nilidhani ananiomba nimfichie, na sikujua ningefanya nini. Lakini alivua helmeti.

"Afande, nilifunga mwenyewe. Fundi aliniambia ningoje, nikaona ananichelewesha. Nilikudanganya."

Mtu wa lori akauliza kama hii inapanda au haipandi.  Sajini alitoa leseni mfukoni, akaitazama picha kwa muda, kisha akachukua simu akaingiza namba zote mbili, moja baada ya nyingine. 

"Kodi zote zimelipwa," alisema. "Anayeghushi hamwachii mwenzake stika yake halali. Huu ni uzembe."

Aliandika faini ya kuifunika stika, akairudisha leseni ikiwa ndani ya karatasi ile. Akamwamuru afunge bati lake palepale, na aende bila mpira. Mpira alibaki nao sajini. Taratibu aliikunja faini yake ya kwanza mara mbili, akaitia mfuko wa shati. 

Jumatano mvua ilizidi. Taratibu alifika kwa fundi kabla hajafungua, Redio nyuma yake amekuja kufungiwa bati lake. Fundi alipotokea na funguo akauliza kimeharibika nini. Taratibu akamweleza yote, helmeti mkononi.

"Wangenikuta hapa, ningesema nini?" fundi aliuliza.

 Fundi alifungua mlango, akarudi na msumari. Taratibu akapiga magoti, akakwaruza namba ya pikipiki yake upande wa ndani wa madigadi yake, kisha ya Redio kwenye bati la Redio, na safari hii aliiacha spana mikononi mwa fundi, akangoja. Baadaye akaondoka kwenda kulipa faini, stika ikilowa mbele yake.